Chai Pori na Vimeng'enya Vinavyoamua Nguvu Yake

Chai ikitajwa, kafeini hutajwa papo hapo, kana kwamba mchai hauwezi kuitwa mchai bila hiyo. Hali ilivyo msituni ni tofauti. Katika milima ya kusini mwa China, kuanzia Guangdong na Fujian hadi Yunnan, imo michai ambayo wenyeji wameichuma na kuinywa tangu zamani, lakini majani yake ama hayana kafeini ya kutajika, ama yanayo pamoja na kitu kingine kilichotokana nayo. Yote ni ya jenasi ya Camellia, ndugu wa karibu wa mchai tunaoulima, na si rahisi kuitofautisha kwa macho. Kinachoitenganisha ni kazi inayofanyika ndani ya chipukizi, kazi ya vimeng'enya vichache vinavyoamua kama anayekunywa atachangamka, atachangamka kidogo, au hatahisi lolote. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba tofauti hiyo imetokana na mabadiliko madogo mno katika ukoo mmoja wa vimeng'enya. Wapo wanaodhani kwamba mabadiliko yakiwa madogo namna hiyo, yanaweza kuandikwa kwenye kompyuta na mti wenyewe ukasahauliwa. Mimi naona ushahidi unaelekea upande wa pili kabisa: michai hiyo inabidi itunzwe ikiwa hai, ardhini kwake.

Tuanze na namna kafeini inavyotengenezwa, maana bila kuifuata hatua kwa hatua mjadala wote huelea. Kila seli hai ina purini, malighafi ambazo kwazo hujengwa DNA na molekuli zinazobeba nishati. Mchai huchukua zao moja la purini, zanthosini, na kulipachika kikundi cha methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Sukari iliyokuwa imeshikamana na zanthosini ikishaondolewa, inabaki 7-methilizanthini. Methili ya pili ikipachikwa penye naitrojeni namba 3, inapatikana theobromini, ile ile inayojulikana zaidi katika kakao. Methili ya tatu ikikaa penye naitrojeni namba 1, theobromini imekwisha kuwa kafeini. Methili zote hizo hutoka kwa mfadhili mmoja, molekuli iitwayo S-adenosili-methionini. Ni kazi ya fundi cherehani mwenye kasha moja la vifungo: vifungo havibadiliki, kinachobadilika ni mahali anapokishona kila kimoja. Mwaka 2000, Misako Kato na Hiroshi Ashihara wa Chuo Kikuu cha Ochanomizu, Tokyo, pamoja na wenzao, walitangaza katika jarida la Nature jeni ya kimeng'enya wanachokiita TCS1, walichokitoa katika majani machanga ya chai. Jambo lililodhihirika ni kwamba kimeng'enya hicho kimoja hukamilisha hatua mbili za mwisho: hugeuza 7-methilizanthini kuwa theobromini, kisha huirudia theobromini hiyo hiyo na kuifanya kafeini. Kwa hiyo theobromini katika mchai wa kawaida ni mpita njia tu. Hutokea na kutoweka, na kinacholimbikizwa ni kafeini, inayofikia kati ya asilimia 2 na 4 ya uzito mkavu wa jani changa.

Sasa mpita njia huyo anaweza kugeuka mkazi. Mwaka 1981 mtaalamu wa mimea Chang Hung-ta aliuelezea kisayansi mchai wa Guangdong uitwao Camellia ptilophylla, ambao wenyeji wanaunywa na ambao majani yake yamejaa theobromini mahali pa kafeini. Mwenzake ni Camellia irrawadiensis, na katika Fujian upo mchai uitwao Hongyacha wenye tabia kama hiyo. Tafsiri ya haraka ingekuwa kwamba michai hii imepoteza kimeng'enya cha kafeini. Sivyo. Kimeng'enya kipo, kinafanana na TCS1 karibu mwili mzima, na kinafanya kazi vizuri. Ila kikishapachika methili ya pili hakiendelei. Mwaka 2006 Kato na wenzake, katika kulinganisha vimeng'enya vya C. ptilophylla na C. irrawadiensis na kile cha chai ya kawaida, walionyesha kwamba asidi amino moja tu, katika mnyororo wa mamia ya asidi amino, ndiyo yenye kauli kubwa katika kuamua ni molekuli gani ipokewe. Tundu ambamo molekuli hukaa wakati wa kupachikwa methili limebadilika umbo kidogo. 7-methilizanthini inaingia na kukaa sawasawa, lakini theobromini, ambayo imezidi kwa methili moja, haikai kwa namna ya kuruhusu naitrojeni namba 1 ifikiwe. Tofauti ya chembe moja ya protini imebadilisha kinywaji kizima.

Kisa cha upande wa pili ni kizito zaidi. Katika Yunnan kuna mchai mchungu uitwao Kucha kwa Kichina. Wenyewe haukuishia kabla ya kafeini, bali umeivuka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 uliona kwamba machipukizi na majani yake machanga yana theakrini kiasi cha asilimia 2.8 ya uzito mkavu, pamoja na kafeini kati ya asilimia 0.6 na 2.7. Watafiti walichukua kafeini iliyotiwa kaboni yenye mionzi ili ifuatiliwe, wakaipa vipande vya majani ya Kucha, na baadaye wakaikuta kaboni ile ndani ya theakrini. Ndipo ikajulikana kwamba kafeini, iliyodhaniwa kuwa ndiyo kikomo, kwa mti huu ni malighafi. Theakrini ina methili moja na oksijeni moja zaidi ya kafeini, hivyo ilibaki swali la mpangilio: je, methili ya nne hupachikwa kwanza kisha oksijeni ikafuata, au oksijeni hutangulia? Jibu lilikuja mwaka 2020 katika jarida la Nature Communications. Kundi la watafiti lilitambua kimeng'enya cha Kucha, kikapewa jina CkTcS, kinachopachika methili penye naitrojeni namba 9. Walipokipa kafeini, hakikuishughulikia. Walipokipa asidi ya 1,3,7-trimethiliuriki, yaani kafeini iliyokwisha kuongezewa oksijeni, kiliigeuza kuwa theakrini. Walipata pia umbo la kimeng'enya hicho katika fuwele, wakaonyesha asidi amino zinazozunguka lile tundu na kuielekeza molekuli upande huu badala ya ule. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho orodha ya kemikali pekee haiwezi kuonyesha: CkTcS ni ndugu wa TCS1, mfadhili wa methili ni yule yule, kazi ni ile ile ya kupachika, na bado mti umepata zao jipya kwa kurekebisha kuta za tundu moja.

Mtu anaweza kuuliza kama haya si kisa cha pekee cha mchai, ajabu ya jenasi moja isiyofundisha lolote nje yake. Historia ya kafeini yenyewe inajibu. Friedlieb Ferdinand Runge aliitoa katika buni mwaka 1819. Mwaka 1827 dutu ya chai ikatolewa na kuitwa theini, na haikuchukua muda mrefu, mwaka 1838, ikathibitishwa kuwa theini na kafeini ni kitu kimoja. Kwa miaka mingi iliyofuata ilikuwa rahisi kuamini kwamba mimea yenye kafeini imeirithi kutoka kwa babu mmoja. Jenomu ya kahawa robusta iliyochapishwa mwaka 2014 iliivunja dhana hiyo: vimeng'enya vya mbuni vilizaliana ndani ya ukoo wa mbuni peke yake, tofauti na vile vya chai na kakao. Miaka 2 baadaye Todd Barkman na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba mkakao, guarana na mimea ya jamii ya michungwa hufika kwenye kafeini kwa njia ambazo hazikuwa zimejulikana, tena ukoo wa kimeng'enya unaotumika hautabiriki kwa kuangalia undugu wa mimea yenyewe. Wakakadiria pia mpangilio wa vimeng'enya vya mababu wa michungwa, wakavitengeneza upya maabara na kuvijaribu. Mababu hao, waliokuwa na kazi nyingine kwa zaidi ya miaka milioni 100, tayari waliweza kufanya baadhi ya hatua hizi, na walihitaji mabadiliko machache sana kufikia uwezo wa leo. Maana yake ni kwamba ardhi ilikuwa imeandaliwa kabla ya mbegu. Mimea mingi ina vimeng'enya vya kupachika methili kwenye asidi ya salisiliki na jamaa zake. Ukibadilisha tundu kidogo, zanthini inapata nafasi. Michai pori ya China ni sura moja tu ya tabia pana, ila ni sura iliyo wazi kuliko zote, kwa kuwa ndani ya jenasi moja tunaona aliyeishia njiani, aliyefika, na aliyepita.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapojitokeza, na lina uzito. Kama asidi amino moja inaweza kuzuia kafeini, na kama mpangilio wa kimeng'enya unajulikana, kwa nini tujisumbue na miti ya milimani? Tuhariri jeni ya mchai wa shambani, tupate chai isiyo na kafeini, kazi iishe. Jibu la kwanza ni la uzoefu. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walizima jeni ya kutengeneza theobromini katika miche ya robusta, na majani ya miche hiyo yakabaki na asilimia 30 hadi 50 ya kafeini ya kawaida. Ni hatua kubwa ya kisayansi, lakini haikuwa kahawa isiyo na kafeini. Mwaka uliofuata, watafiti wa Brazil waliopima takriban mibuni 3,000 ya arabika yenye asili ya Ethiopia waliripoti miti 3 iliyokuwa na miligramu 0.76 za kafeini kwa kila gramu, wakati arabika ya kawaida huwa na 12 hivi. Miti hiyo ilikuwa imelimbikiza theobromini, dalili kwamba hatua ya mwisho imekwama. Hakuna aliyeitengeneza, ilitafutwa ikapatikana. Mbinu za kuhariri jeni zimeendelea tangu wakati huo, nakubali, lakini mchai ni mti mgumu maabara: kuotesha mche mzima kutoka kwenye seli iliyobadilishwa ni kazi inayowashinda wengi. Na hata ukifaulu, umegusa jambo moja kati ya mengi. Kiasi cha kafeini katika jani hutegemea pia wingi wa kimeng'enya kinachozalishwa, umri wa jani, mgawo wa naitrojeni, na kasi ambayo kafeini yenyewe huvunjwa. Theakrini ya Kucha inahitaji kwanza kafeini iongezewe oksijeni, kazi ambayo CkTcS haiwezi. Ukichukua jeni ya CkTcS peke yake na kuipandikiza kwenye mchai usio na hatua hiyo, unapata fundi aliyekaa bila kitambaa. Mti pori unao mfumo mzima, umeshapangwa, na umeishi nao vizazi na vizazi bila kudhoofika. Hiyo ndiyo taarifa isiyopatikana katika herufi za DNA zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, kwa sababu bado hatujui kuzisoma zote pamoja.

Pingamizi la pili linatoka kwa mkulima, nami nalipa nafasi zaidi. Kafeini si pambo. Inadhuru wadudu wengi, inazuia mbegu za jirani kuota, na ndiyo maana hulimbikizwa mahali penye hatari kubwa, yaani kwenye majani mawili na chipukizi, pale pale mchumaji anapopeleka vidole. Je, mchai usio nayo hautaliwa ukaisha? Swali ni halali, na ushahidi tulio nao unajibu nusu yake. C. ptilophylla imeendelea kuishi msituni, kwa hiyo kafeini siyo ngao pekee. Theobromini nayo ni sumu kwa viumbe kadhaa, na jani la chai lina katekini nyingi zinazolifanya kuwa chungu na kali. Lakini msitu si shamba. Msituni mti mmoja umezungukwa na mimea ya aina nyingine, na mdudu anayeupenda hutumia nguvu kuutafuta. Shambani mdudu huyo huyo anakuta ekari mia za mti mmoja. Hivyo mkulima anayeonya ana haki ya kudai majaribio ya miaka kadhaa kabla ya kupanda eneo kubwa, na yeyote anayemwambia asiwe na wasiwasi anamdanganya. Lakini tukubali kwamba onyo lake linatuvuta tena kwenye mti pori ulio hai. Ukitaka kujua mchai usio na kafeini unajilindaje, mwalimu wako ni mchai ambao umejilinda hivyo kwa muda mrefu, pamoja na wadudu wake, fangasi wake na udongo wake. Mche uliohaririwa juzi hauna historia ya kusimulia.

Kuna wanaopinga kwa sababu nyingine: kwamba kafeini inaweza kuondolewa kiwandani, hivyo suala zima ni anasa. Kweli, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Roselius wa Bremen alipoondoa kafeini ya kahawa kwa benzeni, viwanda vimebadilisha viyeyusho mara kadhaa na leo hutumia hata kabonidioksidi iliyoshindiliwa. Ila mashine hizo ni ghali, mkulima mdogo hazimiliki, na sehemu ya ladha huondoka pamoja na kafeini. Wengine wamevuka mpaka upande wa pili, wakaanza kuiuza theakrini kama nguvu isiyo na madhara. Hapo inabidi tusimame. Katika panya wa maabara, kuna majaribio yaliyoonyesha theakrini ikituliza na kuleta usingizi, na mengine yaliyoonyesha ikiongeza mwendo kupitia vipokezi vya adenosini na dopamini. Utafiti ule wa 2020 wenyewe uliiita dutu isiyochangamsha, na huku inauzwa kama kichangamshi. Theobromini tunaifahamu zaidi kwa sababu ya kakao: inazuia vipokezi vya adenosini kwa nguvu ndogo kuliko kafeini, na ndiyo maana kikombe cha kakao hakimkeshezi mtu kama kahawa. Kuhusu theakrini, kimeng'enya kimefahamika mapema kuliko athari zake kwa binadamu, na thamani ya Kucha haipaswi kuegemezwa kwenye ahadi za wauza vidonge.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Mchai si mti wetu wa asili. Uliletwa, Kenya ikiupokea Limuru mwaka 1903, na karibu michai yote tuliyo nayo imetokana na ile ya Assam na China. Mchai haujichavushi vizuri, kila mbegu ni mchanganyiko, kwa hiyo mashamba ya kisasa hupandwa kwa vipandikizi vya mti mmoja uliochaguliwa. TRFK 6/8 ni mfano unaojulikana na kila mtu wa chai Kericho. Njia hiyo imeleta mavuno na ubora, lakini imeuacha msingi wa urithi ukiwa mwembamba, na hakuna Camellia pori barani Afrika ya kuupanua. Kwamba aina tofauti inaweza kupata nafasi kumeshaonekana: mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya Kericho ilitoa TRFK 306/1, chai ya zambarau iliyochaguliwa kwa rangi zake za anthosiani. Mchai wa theobromini ungefuata njia hiyo hiyo ya kuvukisha, kupima na kuzalisha kwa vipandikizi, ila kwa subira zaidi. Nakala moja ya TCS1 inayofanya kazi inatosha kuendelea kutengeneza kafeini, hivyo nakala zote mbili lazima ziwe za aina inayoishia njiani, na kuzipata bila kudhoofisha mti kunahitaji wazazi wengi tofauti. Wazazi hao wako Guangdong, Fujian na Yunnan. Tangu Itifaki ya Nagoya ianze kutumika mwaka 2014, kuwapata ni suala la makubaliano yanayomhusisha mwenye msitu, na naona ni haki iwe hivyo.

Ni haki kwa sababu sisi pia tuko upande huo wa meza. Coffea eugenioides, mzazi mmoja wa kahawa arabika, huota yenyewe katika misitu ya Uganda, Kenya magharibi, Rwanda, Burundi, Tanzania na mashariki ya Kongo. Ina kafeini kidogo, na sababu yake haifanani na ya mchai wowote nilioutaja: huitengeneza polepole, lakini zaidi ya hapo huivunja upesi. Vimeng'enya vya kuvunja kafeini vimechunguzwa kidogo sana ukilinganisha na vya kuitengeneza, na mti unaovitumia hivyo kila siku unaota katika misitu inayokatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba. Kibale, nako nchini Uganda, robusta pori nayo bado imo chini ya miti mikubwa. Mtafiti wa Kericho anayeomba vipandikizi vya C. ptilophylla na mtafiti wa Guangdong anayeomba mbegu za C. eugenioides wana maombi yenye uzito sawa, na kila mmoja atapata tu kile ambacho mwenzake hajakiacha kikatwe.